Mlinzi wa Mama Mudogo

Juzi muuza samaki mmoja alisimama mlangoni kwangu hapa Mbarara, upande wa Ruharo, akatua karai lake. Samaki alikuwa amewafunika kwa mafunjo mabichi, bado yana tope la ziwani. Harufu ile ilinipanda puani nikashika mwimo wa mlango. Si harufu mbaya, msinielewe vibaya. Ni ya majani yaliyolala majini, ya tope baridi na asubuhi. Lakini nikiisikia, mkono hutafuta kitu cha kushika kabla sijajua kwa nini. Samaki nilinunua, mafunjo nikamrudishia.

Ni harufu ya Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa, ya miaka ya mwanzo ya elfu mbili, tulipokuwa wageni pale. Tuliishi watatu katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa turubai: Bibi mzaa mama, mimi, na Mama Mudogo. Ndivyo sisi watu wa Kivu ya Kusini tunavyomwita mdogo wake mama. Mama yangu mzazi tulimzika Kongo. Mtoto wa Mama Mudogo, aliyekuwa bado ananyonya, tulimzika njiani. Hayo yalisemwa mara moja tu, siku ya kufika, kisha hakuna aliyeyataja tena.

Mama Mudogo alikuwa na tabia iliyowatia majirani wasiwasi. Alfajiri alikuwa akiteremka ziwani, anasimama ukingoni penye mafunjo na kuyatazama maji. Hateki, hafui. Kanisani walianza kunong'ona kwamba ameitwa na kitu kilichomo humo, na mchungaji akaja kumwombea mpaka uji wetu ukapoa. Bibi aliitikia amina zote. Mchungaji alipoondoka, Bibi akaniita nyuma ya nyumba.

"Neema, kuanzia kesho unaenda na mama yako mudogo," alisema. "Bantu banasema mingi, uache baseme. Weye umuangalie tu. Kama anaingia mu mayi, umushike nguo, usimuachilie."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na miaka tisa hivi, miguu myembamba, na nimekabidhiwa mtu mzima! Nilivimba kichwa, siwafichi. Lakini niliogopa pia, maana Bibi hakuchoka kutukumbusha kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake, na yale ya Nakivale hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa ameyafika.

Basi tukawa tunakwenda, yeye mbele, mimi nyuma, umande ukitulowesha hadi magotini. Ukungu ulikaa juu ya ziwa usiweze kuona ng'ambo, na kutoka humo ilikuja sauti nzito ya kukoroma, niliyoisikia kifuani kabla ya masikioni. Nilidhani ni ziwa lenyewe linapumua. Kando ya njia majani yalikuwa yamelazwa kwa upana wa mkokoteni, na kwenye tope kulikuwa na mashimo makubwa ya duara yaliyojaa maji. Sikutaka kujua kilichopita hapo. Nilikaza macho kwenye mgongo wa Mama Mudogo.

Tukifika, alivua kandambili zake na kuzipanga vizuri juu ya jiwe, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Kandambili hizo zilinitisha kuliko ile sauti. Nilikaa karibu na pindo la kitenge chake, mkono tayari. Ila kumlinda mtu asiyefanya kitu ni kazi ndefu, na macho ya mtoto hayatulii. Nikaanza kumwona mdiria anavyosimama hewani akipiga mabawa kabla hajajitupa majini. Nikajua kwamba korongo wenye taji hutua wawili wawili, na kwamba upepo hutikisa vishungi vya mafunjo kwanza, ndipo uje shavuni. Siku nyingine Mama Mudogo alinielekeza kwa kidevu, tazama kule, nami nikatazama. Tukirudi alichuma mnavu njiani, na mimi niliyezoea kuusukuma ugali pembeni mwa sahani nikaanza kuumaliza. Bibi aliitazama sahani yangu, akaniongezea.

Halafu ikaja asubuhi ya askari.

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Kwa mara ya kwanza Mama Mudogo hakuishia ukingoni. Alitia mguu majini, kisha wa pili, akaendelea mpaka maji yakamfika magotini. Nilimshika kitenge kwa mikono miwili na kuvuta. Hakugeuka. Wala hakunisukuma, alisimama tu, anatazama mbele, na mimi nikivuta. Hapo ndipo polisi mmoja Mganda akatokea njiani na baiskeli yake, fimbo mkononi, akatupigia kelele.

"Nyinyi! Toka huko haraka! Hapo iko kiboko! Kiboko, nyinyi nasikia?"

Sasa ngojeni niwaeleze. Nyumbani Kiswahili chetu tulikichanganya na Kifuliiru, na mnyama yule nilimjua kwa jina la Kifuliiru, tena katika hadithi tu. Neno kiboko nilikuwa nimelikuta mahali pamoja, shuleni, na huko lilikuwa fimbo ya mwalimu. Mwalimu huyo hakupenda watoto wasiojibu wakiulizwa, kwa hiyo mimi na kiboko tulikuwa tumezoeana sana. Na huyu askari fimbo anayo! Maneno yake hayakuhitaji mkalimani: tukikamatwa, tunachapwa. Nikaiachilia nguo ya Mama Mudogo, nikakimbilia kujificha ndani ya mafunjo.

Maji yalinifika mapajani, kisha kiunoni. Humo ndani kulikuwa na giza la kijani. Nilijikunja, nikafurahi kidogo kwamba askari hanioni. Ndipo ile sauti ya kukoroma ikatoka, safari hii si mbali, hapo hapo, na maji yakanipanda kifuani ilhali sijasogea. Mafunjo yaliyokuwa mbele yangu yakalala. Nyuma yake palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kipana kama mlango wa kanisa, na juu yake sikio dogo la kuchekesha likipukuta maji.

"Mama!" nikalia. "Mama Mudogo! Mama!"

Alikuja akiyavunja mafunjo kwa kifua. Mtu ambaye kanisa zima lilisema ameitwa na maji alikuja akiyatukana maji, kwa Kifuliiru na kwa Kiswahili, matusi ambayo sikudhani mwimbaji wa kwaya kama yeye anayajua. Alinikamata mkono bega likaalika, tukatoka kwa magoti na viwiko. Nyuma yetu maji yalipiga kishindo kimoja, kisha kimya. Hakutufuata. Kwa nini, sijui mpaka leo.

Kwenye nchi kavu alinichapa kwa kandambili, akanikumbatia, akanichapa tena. Askari alikuwa ameiangusha baiskeli yake majanini.

"Mimi nasema kiboko, mtoto nakimbia kwa kiboko!" akalalamika. "Kwani hii mtoto gani?"

Mama Mudogo akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio kilichodumu mpaka ukungu wote ukaisha. Ndani ya kilio kile alimwita mtoto wake kwa jina.

Hatukuacha matembezi. Tulihamia mlimani tu, ziwa tukaliangalia kwa mbali. Baadaye Mama Mudogo alianza kulima maharage yake, nami nikaja kusoma Mbarara.

Bibi alipofariki nilirudi Nakivale. Baada ya mazishi tulikaa wawili tukichambua maharage, na mimi, kwa kujigamba kidogo, nikamwambia kwamba Bibi alinituma nimlinde.

Mikono yake ikasimama.

"Weye? Unilinde miye?" alisema. "Neema, mama yangu aliniambiaka: huyu mutoto anaisha. Tangu njiani hasemi hata neno moja, hata chakula hakuli. Umupeleke kila asubui fasi iko hewa na ndege, umungojee. Ile siku mu mafunjo ndiyo nilisikiaka sauti yako tena."

Nilitaka kubisha. Nikatafuta neno moja nililolisema mwaka ule, nikakuta kichwa tu kinatikisika. Moyo uliniuma kwa ajili ya mtoto yule, ambaye nilidhani namfahamu.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Ulikuwa unataka kuingia?"

"Kila asubui," alijibu. "Kisha nasema, hapana, nirudishe kwanza mutoto kwa nyumba."

Sitawaambia kwamba ziwa lile lilitupenda. Lingetumeza wote wawili na mdiria angeendelea kuvua. Lakini lilitupa kitu cha kutazama nje yetu, kila siku, mpaka tukawa tunaangalia na kesho. Bibi hakumdanganya yeyote kati yetu. Alikuwa na wagonjwa wawili na hana dawa.

Mama Mudogo akaniambia jambo moja zaidi. Kila asubuhi, sisi tukishatoka, Bibi alikuwa akikaa mlangoni bila kuwasha moto, anatazama njia mpaka aone vichwa viwili vikipanda. Mimi nilidhani anangoja mboga.