Nyumba ya Mbithe Haina Muhuri

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani kuna kitu kimeoza ofisini. Ilikuwa ofisi ya ujenzi ya baraza la wilaya, miaka michache baada ya Uhuru, na harufu ile ilikuwa ya amonia. Siku hizo nakala ya ramani ilitolewa kwa mashine. Unalaza mchoro juu ya karatasi yenye dawa, unaupitisha kwenye taa, halafu unaifukiza karatasi kwa amonia mpaka mistari itokee. Machozi yalinitiririka. Mchoraji Mkuu, Mhindi mmoja mfupi aliyevaa sweta hata mwezi wa Februari, aliniangalia akasema kama nataka kulia nilie upesi, kazi inangoja. Nikapangusa macho nikaomba kalamu.

Kazi yangu iliitwa kunakili. Mchoraji anachora kwa penseli, nami nalaza juu yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga na kufuata kila mstari kwa wino mweusi. Ukikosea, unakwaruza kwa wembe polepole, na ukitoboa unaanza upya. Baadaye nakala za kuombea kibali zilitiwa rangi: ukuta mpya wa tofali mwekundu, mbao manjano, ukuta wa zamani kijivu, ili hata diwani asiyejua kusoma ramani aone kinachojengwa. Nilikuwa msichana peke yangu, na wiki hiyo ya kwanza wanaume waliniambia kazi nyingine ya msichana ni kupika chai. Niliipika mara moja. Hawakuniomba tena, na nilichotia humo nitakwenda nacho kaburini.

Ninyi vijana mnadhani kibali ni karatasi tu. Ngoja niwaeleze. Mwenye ploti alileta barua ya kugawiwa ploti pamoja na nakala za ramani. Ramani ionyeshe ploti na barabara, vyumba vikitazamwa kutoka juu, na nyumba ikiwa imekatwa kama mkate ili tuone msingi umeenda chini kiasi gani. Afisa wa Afya aliangalia choo na madirisha. Sisi wa ujenzi tuliangalia msingi, kuta na linta, yaani ile boriti ya zege inayokaa juu ya milango na madirisha kushika ukuta. Kisha ramani ilikwenda kwa Kamati ya Ujenzi, ambayo ni madiwani, na wakikubali karani wa baraza anagonga muhuri.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Sheria ndogo za baraza zilisema ukigawiwa ploti sokoni, kuta ziwe zimefika linta ndani ya miaka miwili, la sivyo ploti inarudi kwa baraza. Sheria hizo hizo zilisema bila kibali usiweke hata jiwe. Kwa hiyo mtu akiitamani ploti yako hakuwa na haja ya kugombana nawe. Alikalia tu ramani yako mpaka miaka miwili iishe.

Mchoraji Mkuu alipostaafu, Mhandisi wa Wilaya alinitoa kwenye meza akanifanya Mkaguzi Msaidizi wa Majengo. Wengine walinung'unika, mwanamke atapandaje ngazi na sketi. Nikawaambia wasiangalie juu. Mhandisi alikuwa mtu wa kwetu aliyesoma Nairobi, mpole, mwenye watoto wengi. Ndiye aliyenifundisha kugonga tofali kwa tofali na kusikiliza mlio, kudunga chuma kwenye mfereji wa msingi mpaka kigote kwenye ardhi ngumu, na kutokunywa soda ya mwenye nyumba kabla ya kukagua. Nilianzia Mbumbuni, halafu nikapewa upande wa Kathonzweni na masoko madogo ya huko. Nilizunguka kwa Landrova ya baraza iliyokuwa ikikohoa kuliko nyanya yangu.

Katika soko moja la upande huo aliishi Mbithe. Jina la soko silitaji, maana wajukuu wa mwenyekiti nitakayemsimulia wako pale na hawajanikosea. Mbithe alikuwa mjane na fundi wa nguo. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la mtu mwingine, na kila akichelewa kulipa kodi cherehani yake ilitolewa nje kwenye vumbi. Ploti alipewa marehemu mumewe, baraza likabadilisha barua ikawa kwa jina la Mbithe, na miaka miwili ikaanza kuhesabiwa. Ilikuwa ploti ya pembeni inayotazama kituo cha basi. Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi alikuwa ameshaona baa yake pale, na viti vimepangwa.

Ramani ya Mbithe niliinakili mimi mwenyewe. Chumba cha duka mbele, vyumba viwili nyuma, choo mahali pake. Haikuwa na kosa. Na kamati haikuikataa hata siku moja. Iliahirisha. Mara kikao hakikutimia, mara mwenyekiti amesafiri, mara faili iko kwa Afisa wa Afya, naye Afisa wa Afya ananiapia hajaiona tangu Pasaka. Mbithe alipanda basi mpaka ofisini akaambiwa enda urudi, akaenda akarudi, mpaka mlinzi wa langoni akawa anamuuliza habari za watoto wake kwa majina.

Mwaka wa pili ulipofika Oktoba alikuja mezani kwangu. Hakukaa.

"Syombua," akasema, "mchanga uko mtoni sasa. Mvua ikinyesha mto utajaa, na hatutaushika mpaka baada ya Krismasi. Wakati huo ploti si yangu. Niambie kama natakiwa kulia au kuchimba."

Nilimwambia asubiri siku moja. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamkuta kivulini akinyolewa ndevu. Nilimsalimia kwa heshima zote, maana alikuwa rika la baba yangu. Akaniuliza haraka ya nini, kwani kamati imekataa?

"Basi ikatae, mzee," nikamwambia. "Ikikataa, huyu mama ana haki ya kukata rufani kwa Waziri. Ndiyo maana hamkatai."

Kinyozi aliacha kunyoa. Mwenyekiti aliniambia kazi ya serikali si ya kurithi, nikae nikijua hivyo. Nilirudi ofisini nimechemka. Nikamtumia Mbithe neno moja: achimbe.

Kwetu Ukambani kina mama wana mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi: leo kwako, kesho kwangu, na mwenzenu asipofika mnajua ni nani. Mwethya wa Mbithe ulikuwa umeshafyatua tofali na kuzichoma miezi iliyopita. Na kwa sababu wanawake wetu hawapendi kudanganyana, kila mmoja, tofali zikiwa bado mbichi, alikwaruza juu yake alama ya ukoo wa boma lake, ile ile inayochomwa kwenye ng'ombe na kukatwa kwenye mizinga ya nyuki. Hivyo ilijulikana wazi nani ametoa jasho na nani ametoa maneno. Wakashuka mtoni na karai na magunia, wakapandisha mchanga huku wakiimba, mwenyekiti akisikia vizuri kabisa.

Mfereji ulipokuwa tayari nilikwenda. Nilidunga chuma kila pembe, na pembe moja kikazama kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Nikawaambia wachimbe tena. Hawakunipenda siku hiyo. Walichimba mpaka chuma kikagota, nikaandika cheti cha msingi, nikatia sahihi na kuwaambia wamwage zege. Nilijua vizuri nilichofanya. Sheria ilinipa kazi ya kukagua msingi, haikunipa ruhusa ya kukagua msingi usio na kibali. Sikumwambia mtu kwamba nimejisahau, na hata leo sisemi hivyo.

Kuta zilipanda, mvua ikakuta linta imeshakauka. Hapo ndipo kamati ilipokutana upesi ajabu. Karani wa baraza akaandika kwamba nyumba ni haramu. Lakini kuibomoa kwa sababu ya kukosa muhuri tu kulihitaji kwenda kortini, na kortini mtu angeuliza ramani ilikaa wapi muda wote ule. Njia ya mkato ilikuwa moja: mkaguzi aandike kwamba jengo ni bovu, ni hatari kwa umma. Nikaitwa, nikaambiwa niandike. Nikakataa.

Wakamtuma Mhandisi, bosi wangu, tukakague pamoja. Tulikwenda kwa Landrova ile ile. Mbithe alitoka akatusalimu, akarudi kwenye cherehani yake chini ya kuta zisizo na paa. Mhandisi alizunguka nyumba. Aligonga tofali, akasikiliza mlio. Alishusha timazi kila pembe, ule uzi wenye chuma unaoonyesha kama ukuta umenyooka. Akazunguka tena.

"Nionyeshe ufa, bwana," nikamwambia. "Ukinionyesha mmoja naandika sasa hivi."

"Syombua, nina watoto shuleni."

"Hata mimi ninao. Hata huyu anayeshona anao. Fomu hii hapa, na kalamu hii. Wewe ndiye mkubwa, andika na utie sahihi yako."

Aliishika kalamu muda mrefu. Nilimhurumia, maana nilimpenda yule mzee. Akanirudishia akasema twende nyumbani, na njiani akaniambia hawezi kunikinga tena. Nikamjibu sikuomba kukingwa.

Mwenyekiti hakungoja sahihi ya mtu. Siku ya soko lori la baraza likaja na vibarua, vijana wa pale pale sokoni, na nyundo kubwa, naye mwenyewe akiwa mbele karibu na dereva. Nilikuwa pale, nilipata habari mapema. Kina mama wa mwethya walikuwa wamekaa nje wakisuka viondo, vikapu vyao vya katani, hawajainua hata kichwa. Niliwaambia vibarua kwa sauti ya kusikika kwamba hakuna cheti cha ubovu, na atakayepiga nyundo anapiga kwa jina lake, si kwa jina la baraza. Mwenyekiti akawaambia wasisikilize wanawake, wapige.

Wa kwanza alikuwa kijana mnene, mwana wa mmoja wa wale mama waliokuwa wakisuka. Alikwenda ukutani akainua nyundo. Ukuta ulikuwa haujapigwa plasta, na tofali iliyokuwa mbele ya uso wake ilikuwa na alama. Nyundo ilibaki juu. Akasogea tofali ya pili, akatazama. Ya tatu. Wenzake nao wakasogea, kila mmoja akitafuta kwa macho, na walizipata, maana hakukuwa na boma pale ambalo halikutoa tofali.

"Mzee," yule kijana akamwambia mwenyekiti bila kugeuka, "hii ni alama ya kwetu."

"Piga!"

"Ya kwako iko pale juu, kando ya mlango. Anzia hapo wewe."

Ilikuwa kweli. Mke mdogo wa mwenyekiti alikuwa mwanachama wa mwethya kama wengine, alifyatua tofali zake na kukwaruza alama ya boma lake. Mwenyekiti aliinua macho akaitazama. Kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa kati ya wale wanaosuka, na mkewe akamtazama vile vile bila kuficha uso. Mwanamume yule alipanda lori. Vibarua walikataa kupanda naye, wakarudi kwa miguu na nyundo mabegani.

Miaka miwili ilipoisha kuta zilikuwa kwenye linta, na ploti ikabaki ya Mbithe. Muhuri hawakumpa. Mimi walinipa barua ya uhamisho, nikatumwa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, mahali ambapo kwa mwaka mzima nilikagua boma la mnada wa ng'ombe na choo cha shule. Walidhani wamenikomoa. Watu wa Tseikuru ni wakarimu, nilinenepa. Cheo cha Mkaguzi Mkuu kilipita mbele yangu mara kadhaa kikienda kwa watu niliowafundisha kushika timazi. Iliniuma, sitaki kuwadanganya. Niliporudi kwetu Makueni kungojea kustaafu nilikuwa bado Msaidizi, na kwenye sherehe ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na hotuba kuhusu utiifu wangu. Nilicheka mpaka mgeni wa heshima akakatiza hotuba.

Vijana huniuliza kama najuta. Nawaambia waende wakaombe kibali, na wakague msingi kwa haki, maana nyumba mbovu huua watu na nimezika wawili walioangukiwa na ukuta wa tajiri aliyekuwa na muhuri mzuri sana. Sheria ya ujenzi niliipenda na naipenda. Aliyeigeuza mtego wa kumnasa mjane, huyo sitamheshimu hata akiwa kaburini, na yuko huko.

Mwaka uliofuata kustaafu kwangu nilikuwa kwa Mbithe napimwa gauni. Duka lilikuwa limejaa sare mpaka dari, cherehani tatu zikiunguruma. Akaingia kijana wa baraza na fomu, nadhifu, mwenye adabu. Alisema wanaorodhesha majengo yasiyo na kibali ili wenyewe waje kuomba upya, na hili halimo kwenye rejista.

Mbithe hakutoa futi yake ya kupimia mgongoni mwangu. "Mwanangu, niliomba," akasema. "Niliomba mpaka viatu vikaisha. Siombi tena."

Kijana alihangaika. Alisema lazima ajaze kitu, hawezi kurudi na nafasi tupu mahali pa kuandika aliyeruhusu ujenzi.

Nikageuka, pini zikiwa bado begani.

"Andika jina langu," nikamwambia, nikamtajia herufi moja moja.