Wajapani wa Mume Wangu

Mume wangu alianguka kazini, kwenye ghala la Jeffersontown alikokuwa akifunga makartoni. Moyo. Alikuwa bado kijana. Wazee wa ukoo wakakaa kwenye simu, wakaamua azikwe Buffalo, kwa sababu wao wanaishi Buffalo. Mimi niliyeishi naye Louisville tangu tuoane, hakuna aliyeniuliza. Bon, haya, nikakubali. Niliomba jambo moja tu: siku ya kumzika, upigwe wimbo wake mmoja.

Alikuwa na CD ya bendi ya Kijapani. Ni watu wa hevi metal: nywele hadi kiunoni, nguo za ngozi, gitaa za kupasua masikio. Lakini CD ile ni nyimbo za polepole tupu, piano na mwanaume anayebembeleza. “Hawa wamepiga kelele maisha yao yote,” mume wangu alikuwa akisema, “halafu siku moja wakachoka, wakalia.” Kijapani hakukijua hata neno moja. Alipomlaza binti yetu alitia maneno yake mwenyewe, ugali na mboga ya sombe na lala mama, na mtoto akalala.

Njiani tulipumzika Columbus, kwa dada yangu anayekaa Clintonville. Akaishika ile CD, akatazama picha yao jaladani.

“Weye, wape wimbo. Usiwape picha.”

“Sina cha kuficha,” nikamwambia.

Kumbe walikuwa wakiitaka hiyo picha. Pale Buffalo, mtaa wa West Side, sebuleni kwa baba mkwe, ukoo mzima umeketi, yeye akaichukua CD, akavaa miwani.

“Huyu ni mwanaume ao mwanamke?”

“Mwanaume, papa.”

“Na hii rangi kwenye macho?”

Watu wakacheka. Kwenye matanga ya mume wangu, wakacheka.

“Mwana wangu hatasindikizwa na mashetani.” Akanirudishia CD kwa vidole viwili, kama nepi chafu.

“Mwana wako alipenda nini, papa? Taja kitu kimoja.”

Akavua miwani. Kisha mjomba mmoja: “Mukwe, heshima.”

Heshima! Nilitamani kupindua meza na chai yao.

Kwaya iliimba vizuri makaburini, sitadanganya. Hapo katikati ya sala binti yangu akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, wimbo wa papa utapigwa saa ngapi. Vijana wote walielewa. Wakatazama viatu vyao.

Jeneza liliposhushwa na udongo ukafunika, nilimbeba mtoto hadi kwenye gari, nikafungua madirisha yote, nikatia CD, nikaongeza sauti hadi mwisho. Waliokuwa wakipita wakageuka. Nikasema moyoni, tazameni.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama mkwe akaketi karibu na mtoto. Nilikwisha kuandaa matusi.

“Ni huyu?” akauliza, akionyesha redio.

“Ni yeye, mama.”

“Analia nini?”

“Sijui. Hata mwana wako hakujua.”

Akasikiliza. Kilemba kilikuwa kimelegea, hakukifunga.

“Funga madirisha,” akasema. “Mtoto anasikia baridi.”

Nikafunga. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Mtoto akamlalia mapajani. Baba mkwe akaja akagonga kioo, akaonyesha barabara: watu wanangoja chakula nyumbani. Nilimtazama mama mkwe kwenye kioo cha kutazama nyuma. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

“Acha agonge,” akasema.