Kamusi Iliyofungia Karanga

Ninyi tuliosoma pamoja Kasongo wakati kamusi ya Kiingereza ilikuwa moja kwa shule nzima, hamjambo? Najua mko wengi, na magoti yanawauma sawa na yangu. Tulikaa wanne kwenye benchi moja, daftari tumelifunika kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Saa ya mapumziko sisi wasichana tulicheza nzango, tunaruka, tunapiga makofi, mpaka vumbi linaingia puani. Ukirudi nyumbani unakuta wali na sombe ya majani ya muhogo, mawese yanang'aa juu. Vijana wa leo wanashinda wameinamia simu, halafu wanalalamika shingo inauma. Shingo gani, na hamjabeba hata ndoo?

Lakini miye nzango iliniponza. Mwaka wa tatu wa sekondari nilianguka Kiingereza, nikapewa repeshaji, yaani kurudia somo lile moja kabla shule haijafunguliwa tena. Papa hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukianguka tena, unamufuata shangazi yako Salamabila, ukamusaidie kupikia wachimba zahabu." Nilimpenda shangazi, ila shule niliipenda zaidi. Nililia hadi Mama akanifokea: "Machozi haiko pointi! Inuka, nenda ukamuone mwalimu."

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Asani, alikuwa mrefu, mpole, na suruali yake moja aliipiga pasi kila siku. Akanipa neno moja tu liwe mtihani wangu: "spring". Nirudi baada ya siku tano na maana zake zote, pamoja na asili yake, niseme maana hizo zote zilitoka wapi.

"Na kamusi iko wapi, Mwalimu?" nikauliza, mjinga miye.

Akatazama pembeni. Kila mtu Kasongo alijua kamusi iko wapi. Ilikuwa mali yake mwenyewe, na mshahara ulipokawia miezi na miezi, watoto wana njaa, aliiuza sokoni kwa Mama Sifa, muuza karanga, ambaye alikuwa anachana kurasa na kufungia karanga zake. Tulijua sote, na hakuna aliyetamka. Wazazi walitufundisha kwamba aibu ya mkubwa unaifunika. Nikaondoka nimeinamisha kichwa, nimejikasirikia mwenyewe.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Sifa, nikamwamkia, nikaomba nipekue makaratasi yake. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "We mutoto, hapa haiko biblioteki ya kusomea vitabu. Kaa chini, bambua karanga. Ukimaliza beseni, unaangalia."

Jamani! Siku tatu nilibambua, vidole vikavimba. Kila nilipomaliza beseni, nakuta herufi nyingine: B, halafu M, halafu tena M. Wateja wakanicheka. "Huyu anatafuta bwana ndani ya karanga?" Nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa naona tayari masufuria ya Salamabila.

Siku ya nne, jua limeanza kushuka, nikauona. Ukurasa wenyewe, umeshakunjwa, neno langu limetokeza nje, umejaa karanga, uko mkononi mwa mzee mmoja muuza vitambaa aliyekuwa anaondoka. Nikamkimbilia. "Babu, nihurumie! Karanga baki nazo, nipe karatasi tu!" Mzee akacheka mpaka akakohoa, akavua kofia, akamimina karanga zake humo, akanipa karatasi.

Nikasoma nimesimama palepale. "Spring" ni chemchemi ya maji. Ni resori, ile iliyo chini ya kiti cha baiskeli. Ni kuruka. Ni pia majira fulani ya huko kwao Waingereza, ambapo miti iliyokauka inatoa majani mapya. Sisi tunajua mvua na kiangazi, basi. Lakini chini kabisa, pale asili ilipoandikwa, karatasi ilikuwa imechanika. Nilirudi nyumbani polepole, nikiigeuzageuza ile karatasi.

Siku ya tano nikasimama mbele ya Mwalimu Asani, darasa tupu, sisi wawili tu. Nikazitaja maana nne.

"Na asili?"

"Mwalimu, sikuikuta imeandikwa. Lakini nimefikiri. Maji ya chemchemi yanaruka kutoka udongoni. Resori, ukiibana ukaiachilia, inaruka. Majani nayo yanaruka kutoka kwenye mti. Naona kuruka ndiyo mama, na zile nyingine ni watoto wake."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu, Mwalimu."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Miye niliisoma. Weye umeifikia kwa miguu yako." Akaandika pointi mbele ya macho yangu. Nimepita! Nikampa ule ukurasa na mafuta yake. Aliupokea kwa mikono miwili, wala hakuuliza nimeutoa wapi. Nilikimbia barabara nzima hadi nyumbani, naita Papa kwa sauti.

Leo nami nafundisha Kiingereza, huku Kabambare. Ukiwapa wanafunzi wangu neno, kabla hujafunga mdomo simu imewapa maana zake kumi na asili juu. Ukiuliza kesho, wamesahau yote. Nawatania kwamba vidole vyao vimesoma, vichwa bado. Wananicheka, nami nacheka nao, ila kuna siku nilirudi nyumbani na huzuni, nikidhani kizazi hiki hakitafikiri tena chenyewe.

Juzi lakini, nilipowapa neno jipya, Furaha, msichana wa benchi ya nyuma asiyependa kusema, alinyoosha mkono. "Madamu, simu inasema hivi, lakini miye sikubali." Darasa zima likaangua kicheko. Nikawanyamazisha, nikamwambia aache simu mezani, aje mbele, atuambie yeye anaonaje. Akaja.