Majani ya Kuosha Damu ya Tata

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, Tata, dada mkubwa wa baba yangu, alipungukiwa na damu. Msaidizi wa zahanati katika shamba la kahawa tulikofanya kazi, huko Ruiru, alimtazama ndani ya kope, akatikisa kichwa, akampa vidonge vya madini ya chuma. Vilikuwa vya bure, kwa hivyo Tata hakuviamini.

Imani yake aliipeleka Thika. Alirudi na kopo la majani ya chai ya kijani. Mwenye duka alikuwa amemhakikishia kwamba yanaosha damu na kufukuza uzee. Mimi niliona kwamba hiyo damu kidogo aliyobaki nayo haikuhitaji kufuliwa, lakini nani angemuuliza msichana?

"Tata, mbona hutii maziwa?"

"Dawa haitiwi maziwa," alinijibu, amekunja uso kama aliyelamba nyongo.

Alikunywa birika asubuhi, mchana na jioni. Vidonge alivimezea humo humo, ili dawa mbili zisaidiane. Zikasaidiana kweli: baada ya miezi miwili hakuweza kupanda kilima cha mtoni bila kuketi mara tatu, na midomo yake ilikuwa imepauka.

"Unaona?" akaniambia. "Uchafu unatoka."

Siku moja alianguka katikati ya mibuni, kahawa aliyochuma ikamwagika. Mama na mimi tulimbeba hadi zahanati. Njia nzima nililia. Hapo sikuona cha kuchekesha.

"Vidonge unameza na nini?" msaidizi akauliza.

Tata akaanza kujifunga upya kitambaa cha kichwa. Nikamsemea: "Na chai."

"Meza na maji. Chai unywe baadaye kabisa."

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, amenieleza juzi tu kwamba zile kemikali zinazosifiwa katika chai ya kijani, zinazokinga mwili usichakae upesi, hushikana na madini ya chuma tumboni yasiingie kwenye damu. Kumbe mwenye duka hakusema uongo mtupu. Alisahau tu kumuuliza mteja anaumwa nini.

Tata alimeza vidonge na maji, akala mboga za terere na maini kila tulipoyapata. Mahindi yalipokomaa, alikuwa amerudi kuvuna kahawa na kutukemea sote. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda mrefu: chai ya kijani imemponya, ila inataka subira. Wanawake wakapiga vigelegele. Msaidizi wa zahanati, aliyeketi benchi la mbele, alipiga makofi pamoja nao.