Kuku Chongo wa Malimbuko

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hakuwa mchekeshaji. Nasema hivyo leo nikiwa mzee na yeye akiwa kaburini, na kama kuna mtu wa kwetu Nkoaranga anayebisha, aje tubishane. Alikuwa na sauti nene, kifua kipana, na koti alilopewa na mmishenari. Ucheshi hakuwa nao. Lakini ndiye aliyekuwa mnadi wa kanisa letu kila sikukuu ya mavuno, na mimi nilikaa kwenye nyasi pamoja na watu wengine huku wivu ukinitafuna.

Enzi zile za Mwingereza, malimbuko hayakuja ndani ya bahasha. Watu walipanda mlima na mikungu ya ndizi kichwani, mayai kwenye vikapu, kahawa kwenye magunia, mbuzi kwa kamba. Ibada ikiisha, vitu vyote vilitolewa nje kwenye uwanja na kupigwa mnada, na fedha zikaingia kanisani. Mnadi alitakiwa awachekeshe watu. Waliocheka walipandisha bei bila kujitambua, na siku hiyo hata mchungaji aliruhusu maneno ambayo Jumapili nyingine yangekuletea matatizo.

Shemeji alikuwa na watu wake wa kuwaigiza. Akishika mbuzi alikuwa Mwarusha: alisimama kwa mguu mmoja, akaegemea fimbo, akamkagua mbuzi meno na kuuliza kama anajua kusoma. Kisha alijifunga taulo kichwani akawa Mwislamu mchinjaji, akasoma dua ndefu mpaka mbuzi akasinzia. Kwenye sukari na chumvi alikuwa Mhindi wa dukani, kidole gumba kikiwa kimelala juu ya mizani. Kila mwaka ilikuwa vile vile, na kila mwaka uwanja ulilipuka. Mchungaji alivua miwani afute machozi. Mmishenari, ambaye nusu ya maneno hakuyaelewa, alicheka kwa kuwatazama wengine.

Nami niliona makosa yake yote. Fimbo aliishika vibaya. Maneno ya Kimaasai, lugha wanayosema Waarusha, aliyoyajua yalikuwa ya kuswagia ng'ombe tu, na aliyatumia hata kwenye salamu. Nilijua kwa sababu mama yangu alikuwa Mwarusha, aliyetoka upande wa magharibi wa mlima akabatizwa na kuolewa na baba. Sisi watoto tulimwita Yeyo, kama wanavyoita mama kwao. Siku ya mnada alikaa na akina mama wenzake, mikono mapajani, akiangalia vidole vyake. Karibu na ua alisimama mchinjaji mwenyewe, Mwislamu wa kweli mwenye bucha pale Maji ya Chai, ambaye alikuja kila mwaka kununua mbuzi wa kanisa. Alingoja wamalize kumcheka, kisha akataja bei.

Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka mke. Nilifanya mazoezi peke yangu shambani, katikati ya mibuni, na siku nyingine nilimchekesha dada yangu mpaka akadondosha kikapu cha kahawa. Niliyemwigiza vizuri kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa kanisa. Mzee huyu aliheshimika sana, na kila mwaka alimletea Bwana kuku yule yule, jike, chongo, mwenye manyoya machache shingoni. Alimpandisha mlimani amemkumbatia, akamtoa sadaka kwa sala ndefu, na mnada ulipofika akamnunua tena mwenyewe kwa bei ya yai. Hakuna aliyethubutu kushindana na mzee wa kanisa. Jioni kuku alikuwa bandani kwake, tayari kwa malimbuko ya mwaka ujao.

Kila mtu aliijua habari hii. Majumbani watu waliicheka mpaka wakakaukiwa sauti.

Mwaka mmoja shemeji alishikwa na mafua makali, sauti ikamkauka kabisa. Mchungaji akaniita mimi. Nilifurahi kwa ugonjwa wa mume wa dada yangu, na sioni sababu ya kuficha. Nilipopanda juu ya meza nilimwona amejifunga shuka, macho mekundu, akinitazama jinsi nilivyokuwa nikimtazama yeye miaka yote.

Mwarusha wake sikumgusa, wala mchinjaji, wala Mhindi. Msidhani ni wema. Sikutaka kula makombo ya shemeji. Nilimchukua yule kuku kutoka kapuni, nikamkumbatia, nikainama mgongo, nikaanza kutembea mwendo wa mzee: hatua, anamnong'oneza kuku asiogope, hatua, anamfunika jicho bovu kwa kiganja ili Bwana asilione. Nikasali kwa sauti ya mzee. Nikamwambia kuku, "Vumilia, mama, saa tisa tunarudi nyumbani."

Watu waliocheka vibaya sana majumbani mwao sasa walikuwa wakitazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama nyasi.

Walicheka wawili tu. Mchinjaji alicheka kule uani, kifua kizima, huku amejishika kofia. Na upande wa akina mama alicheka Yeyo. Sikuwahi kumwona akicheka kwenye mnada. Alicheka meno yote yakiwa nje, na mama aliyekaa karibu naye akamvuta kanga anyamaze.

Mchungaji akainua mkono, ukaimbwa wimbo, mnada ukaishia kwenye mikungu ya ndizi. Kesho yake niliitwa mbele ya wazee.

"Umedhihaki sadaka," mchungaji aliniambia. "Umemdhalilisha mzee wako mbele ya watu wa nje."

"Heshima zenu wazee," nilisema, "lakini shemeji huwadhihaki hao watu wa nje kila mwaka, nao wapo."

"Ule ni utani tu, mwanangu. Hauna ubaya."

Ikaamuliwa kwamba sitapanda tena mezani.

Wiki ile nilikutana na mchinjaji kwenye barabara ya Maji ya Chai, nikamweleza. Alitikisa kichwa. "Utani, bwana, ni kupokezana. Mimi nimekuja pale miaka mingi, na zamu yangu haijafika. Nami nina mengi ya kusema!" Akanipa kipande cha ini, hakutaka malipo.

Mwaka uliofuata shemeji alirudi na sauti yake na koti lake. Nilikaa kwenye nyasi nikijiambia kwamba sasa watu wataona tofauti, watachoshwa na taulo na fimbo. Mzee alikuwa amekwisha kumnunua kuku wake, amembana kwapani. Ndipo shemeji akaegemea fimbo, akawa Mwarusha, akainama mgongo, akakumbatia kuku asiyekuwepo, akaanza kutembea.

Ulikuwa mwendo wangu. Hatua, kunong'ona, hatua, kiganja juu ya jicho. Alinyoosha mkono kama nilivyonyoosha, akanyamaza pale pale niliponyamaza. "Vumilia, yeyo," Mwarusha wake alimwambia kuku, "saa tisa tunarudi nyumbani."

Uwanja ulipasuka. Watu waliangukiana. Mchungaji alivua miwani. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa yule mzee, akipiga goti kwa mkono mmoja, na kila alipocheka kuku chongo alilalamika chini ya kwapa lake. Nilitazama huku na huku nimtafute hata mtu mmoja anayeona kwamba mwendo ule ni wangu. Dada yangu tu ndiye aliyenitazama, kisha akageuza uso kwa mumewe, akaendelea kucheka.

Nilitamani kulia. Si kwa ajili ya Waarusha, nitakuwa mwongo nikisema hivyo. Kile kicheko kilikuwa changu, nami nimeibiwa mchana kweupe.

Yeyo alinyanyuka, akakung'uta nyasi kwenye kanga, akaja mpaka nilipokaa.

"Twende," alisema. "Kwa baba yangu hatujawahi kufuga kuku hata mmoja. Hata hilo hawalijui."

Tulishika njia ya migombani. Tulipovuka mfereji akasimama. "Nifanyie mzee," alisema. "Kama mwaka jana."

Nikainama, nikakumbatia hewa, nikatembea mbele yake kwenye ile njia nyembamba, nikafunika jicho, nikasali. Yeyo alicheka mpaka akashika mgomba. Nilifanya vizuri kuliko siku ile ya mezani, naijua kazi yangu. Lakini kutoka juu kanisani walikuwa bado wanamcheka Mwarusha wa shemeji, na masikio yangu yote mawili yalikuwa kule.