Kule Wamaza Nilikuwa Naitika Tu

Jirani yetu hapa Kasongo aliloweka mihogo mu maji ndani ya bidon nyuma ya nyumba, leo siku ya ine, na harufu inaingia mupaka mu kitanda yangu. Mutu asiniambie eti ni harufu ya chakula. Inanuka panya aliyekufa chini ya godoro. Na kila mara nikiisikia narudi Wamaza, niko na miaka tisa, maji imenifika ku magoti.

Baba alinipeleka kule mu vakanse, masomo imefungwa, kwa koko, mama yake. Kwetu mujini tunasema Swahili tu. Kule wanasema Kibangubangu. Baba aliniandikia maneno mu kaye yangu ya masomo: maji, moto, asante, kuja. Nilizishika zote, nikafika najiona mwalimu. Aha! Watu waliniambia neno moja moja, polepole, kama mutu anamulisha mugonjwa. Wakigeukiana wao kwa wao, inakuwa mvua ku mabati. Maji yangu, moto yangu, sikusikia hata moja ikipita.

Njo nikatafuta akili. Wakicheka, nacheka. Wakiniangalia, naitika: "Eee." Ile eee ilinipa chakula nyingi, hata mara moja funza wa mangazi, ile miti ya mawese, munene, anatikisika ku ulimi. Nilimumeza muzima.

Mahali wanawake walikuwa wanasema kabisa ni kule mutoni, kwenye walikuwa wanamenya mihogo iliyooza ndani ya maji. Mie nilisimama inje, nimeziba pua. Tantine Mwamini, dada ya baba, alikuwa anasema, anasema, kiisha ananigeukia na sauti tamu ya kuuliza. "Eee," naitika. Wote wanakufa na kicheko, na mie pamoja nao.

Siku moja koko aliona ile. Hakucheka. Alinishika mukono, akanivuta ndani ya maji.

"Masikio yako iko inje," akaniambia na Swahili yake ya kuvunjika. "Ingia nayo."

Kila siku, basi, nilimenya. Ganda inatoka kama soksi ya mutu mugonjwa, utelezi unaingia chini ya kucha, hata ukinawa haitoke. Nilitapika mara mbili. Lakini mikono ikiwa na kazi, masikio inaacha kukimbilia neno moja moja. Na asubuhi moja, sijue namna gani, ile mvua ikawa watu wanaosema.

Tantine Mwamini njo alikuwa anasema: "Kaka yetu alioa mwanamuke gani? Alioa pua! Muke wa kununua unga ku soko, muhogo hajue hata kuushika. Mubovu kuliko hii." Akainua muhogo, ukamwagika mu vidole yake. Kiisha akanigeukia na ile sauti tamu: "Si ni vile, mwana wa pua?"

Ile wimbo ya kuuliza niliijua. Ni ile ile ya kila siku, tangu siku ya kwanza.

Nikamujibu na luga yao, neno kwa neno: "Hapana. Mama yangu si mubovu."

Mwamini akainama kunawa mikono yenye haikutaka kutakata. Koko aliendelea kumenya tu.

Niliporudi Kasongo, mama alininusa mikono, akacheka, akanisugua na limau. "Sasa unasikia luga yao? Walikuwa wanasema nini juu yangu?"

"Hawakusema kitu."

"Ni watu wazuri," akasema. "Mie, siku niliolewa, nilifanya miezi mitatu pale mutoni. Sikusikia neno. Nilikuwa naitika tu: eee, eee. Tulicheka sana!"

Nilicheka naye, nikaenda kucheza. Ilinipiga nyuma ya miaka mingi, na inanipiga tena sasa na hii bidon ya jirani. Miezi mitatu. Mama mupaka leo hajue alikuwa anakubali nini.

Mie najua.