Keki Nyeusi ya Rågsved

Sisi tuliokulia Rågsved, pembeni mwa Stockholm, miaka ya sabini tulilelewa na chakula cha bure cha shule. Watoto wa leo wanasusa mpaka pizza. Sisi sahani zilirudi jikoni kama zimeshaoshwa. Mimi hasa. Darasani sikuwa na langu, lakini kwenye foleni ya chakula nilikuwa wa kwanza.

Siku moja tukagawiwa vipande vyeusi vya kukaanga, kingo zimekauka, ndani laini, vitamu, na jamu nyekundu ya matunda ya porini, lingon, juu yake. Nikajua ni keki. Nikaongeza mara tatu, na nyumbani nikamsifia mama keki hiyo mpaka akacheka.

Siku waliyotugawia tena, rafiki yangu Lena akaniambia huku anatafuna, "Ni damu ya nguruwe. Hukujua?"

Sisi ni Waislamu wa Tanga. Nikaweka uma chini. Halafu nikaushika tena, nikamaliza.

Ningeishia hapo, dhambi ingekuwa yangu peke yangu. Lakini Jumamosi tukaenda madukani Farsta, mimi na mama. Kiswidi alikuwa hajui, kwa hiyo dukani macho yake yalikuwa mimi. Akanyanyua pakiti yenye picha ya vipande vyeusi.

"Si ile keki yako hii? Hebu soma, mwanangu. Mna nini humu?"

Neno la damu lilikuwa limeandikwa kubwa, hata mbumbumbu kama mimi nililiona.

"Unga, sukari na viungo," nikasema.

Akaikaanga, akapiga bismillahi, akala. "Hapa Waswidi wamejitahidi," akasema. Ikawa kila Jumamosi.

Baba, aliyeletwa huku kusomea umeme, ndiye aliyeikuta pakiti kwenye ndoo ya taka. Akamsomea mama pole pole. Mama akanigeukia.

"Si ulinisomea wewe?"

"Nilisoma, mama. Hilo neno sikulijua."

Baba akaanza kufungua mkanda. Mama akasimama katikati yetu. "Muache. Mtoto kusoma hajui, utampiga kwa hilo?" Kisha akaingia bafuni kusukutua. Maji yalimwagika muda mrefu.

Tangu hapo alinunua mayai, viazi, samaki mwenye kichwa chake, vitu ambavyo havihitaji msomaji. Pakiti hakunipa tena. Nami shule nikaiacha katikati, ndugu zangu, kwa hiyo mama akaonekana alisema kweli.

Siku hizi mjukuu wangu akishika pakiti anaisoma mpaka herufi zilizo ndogo kama mayai ya chawa, halafu ananikataza kwa Kiswidi: hiki huli, bibi. Namtania kwamba atakufa njaa anasoma. Enzi zile mama alisomewa na mtoto, akaamini, akala.

Mama tumemzika Tanga. Miaka yote ile nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli, nikawa napiga porojo tu. Amekwenda akiamini kwamba binti yake hajui kusoma, na hilo ndilo alilonitetea nalo.